MBWA WA KAZI HULELEWA NYUMBANI



Mbwa tunawajua. Usiku fisi akinyemelea ndama, mbwa ndiye anayebweka wa kwanza. Lakini tukiulizana nani alimfundisha kazi hiyo, wengi tutasema: "Ah, mbwa hujifunza mwenyewe." Sivyo. Katika somo hili tutaona jinsi familia za nchi nyingine zinavyolea mtoto wa mbwa ili aje kumwongoza mtu asiyeona. Halafu tutaona la kuiga hapa kwetu.

Mbwa anayeongoza mtu

Kwetu, mzee asiyeona akitaka kwenda mnadani au zahanati, mara nyingi mjukuu hushika ncha moja ya fimbo, na mzee hushika ncha ya pili. Wanafika salama, lakini siku hiyo mjukuu hakwenda shule.

Katika nchi nyingine kazi hiyo hufanywa na mbwa. Mwaka 1916 shule ya mbwa wa namna hii ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, kwa ajili ya askari waliopofuka katika vita ya 1914-1918, vita ile iliyopiganwa hata katika nchi yetu. Uingereza walianza mwaka 1931.

Mbwa huvaa mkanda wenye mpini, na mtu hushika mpini huo. Mtu ndiye anayejua njia. Kazi ya mbwa ni kukwepa mashimo, kusimama penye ngazi na kungoja magari yapite. Hata akiamriwa aende, akiona gari linakuja, hakubali.

Kazi ya familia

Mtoto wa mbwa akifika majuma manane hivi, hupelekwa kwa familia iliyojitolea kumlea. Hukaa nao mwaka mzima au zaidi. Wanamfundisha mambo madogo madogo: kuja akiitwa, kwenda haja nje, kutorukia watu, kutodokoa chakula. Wanamtembeza sokoni na penye makelele ili azoee. Akifanya vizuri husifiwa, au hupewa kitu kidogo cha kula. Hapigwi, maana mbwa mwoga hawezi kumwongoza mtu.

Baadaye huja siku ngumu. Mbwa waliyemzoea huchukuliwa kwenda shule, akafundishwe na walimu kwa miezi kadhaa. Kumwacha si rahisi, lakini walijua tangu mwanzo kwamba wanamlea kwa ajili ya mtu mwingine. Na si kila mbwa hufaulu.

Mfano wa Morogoro

Hata Tanzania tunao mfano. Huko Morogoro, shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya hao huzoeshwa watu wakiwa na umri wa wiki chache tu. Akinusa sawasawa, hupewa ndizi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013, akafanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza. Kumbe hata panya, akilelewa kwa subira, huokoa maisha ya watu!

Na mbwa wetu je?

Mbwa wa kumwongoza mtu ana gharama kubwa. Hatusemi kila kijiji kimpate. Tunasema malezi yale yale yanafaa kwa mbwa wa zizi:

1. Anza mapema. Akiacha ziwa, mlaze karibu na mbuzi na ndama, awazoee kama wenzake.

2. Mpe jina moja, na nyumba nzima imwite hilo hilo.

3. Msifu pale pale anapofanya vema. Usimpige mawe, na watoto muwakanye pia. Mbwa wa kupigwa mawe huogopa watu, au huwauma.

4. Mpe chakula na maji kila siku. Mbwa mwenye njaa huacha zizi, akaenda kula mayai ya jirani.

5. Mshikeshike na umzoeze kamba tangu mdogo. Siku ya chanjo utaona faida. Aliyezoea kushikwa hutulia. Aliyelelewa kwa mawe hakamatiki, hukimbilia porini bila chanjo.

Jambo hili la tano si mchezo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, hakina dawa, mtu hufa. Lakini kinazuilika. Bwana mifugo akitangaza chanjo, peleka mbwa wote, hata wale wadogo. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15 nzima. Kisha aende zahanati au hospitali siku ile ile. Asingoje kuona kama ataugua.

Basi ndugu, mbwa wa kazi huanzia mikononi mwetu. Malezi mema yatalinda mifugo, na yatalinda watoto wetu vilevile.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mbwa wa kumwongoza mtu hapigwi?
2. Mbwa wa nyumbani kwako anakubali kushikwa na kufungwa kamba? Kama hakubali, ni kwa nini?
3. Mtoto wa jirani ameumwa na mbwa. Mtafanya nini kwanza, na nini baadaye?