Besi ya mtumba yenye shingo iliyopinda

Swali: Nipo Tanga, napigia kwaya. Nimepata gitaa la besi la mtumba, Yamaha la nyuzi nne, lakini naambiwa shingo imepinda. Niliache?

Jibu: Subiri kwanza. Shingo ya besi hutakiwa kupinda, ila kidogo mno. Bonyeza uzi mnene kwenye chuma cha kwanza na cha mwisho, kisha chungulia karibu na cha saba: mwanya wa unene wa kadi ya biashara si ugonjwa. Ukizidi, fundi hukaza fimbo iliyo ndani ya shingo, robo mzunguko tu, halafu anapima tena. Nati ya fimbo hiyo ikigoma kuzunguka, hapo liache. Je, sauti inakwaruza ukitikisa waya? Tundu la kuchomekea waya limelegea, mara nyingi. Kulehemu kidogo tu. Na kwa hewa ya chumvi ya huko, futa nyuzi kila umalizapo kupiga. Seti ya nyuzi za besi huuma mfuko.