Usiiache Diski kwa Fundi
Kijitabu cha elimu kwa wenye kompyuta kuukuu za mezani na bajeti ndogo

KWA NINI TUMEKIANDIKA

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta zilizokuwa na mfumo huo hazikuzimika siku hiyo, wala hazikuharibika. Lakini tangu hapo wenye steshenari, walimu, makatibu wa vyama vya akiba na mikopo, na wazazi walionunua mashine za mtumba kwa ajili ya watoto wao wamekuwa wakiambiwa mambo mawili tu: tupa ununue mpya, au niachie mashine nikubadilishie kila kitu. Wengi hawana hela ya kununua mpya, kwa hiyo wamekubali la pili.

Malalamiko yaliyofuata ndiyo yaliyotufanya tuchapishe kijitabu hiki. Mtu amelipia diski mpya, mashine imerudi nyepesi kama alivyoahidiwa, lakini picha za harusi, daftari la wanachama na mitihani ya miaka yote havimo. Mwingine amegundua kuwa yaliyokuwa kwenye diski yake ya zamani yako mikononi mwa mtu asiyemjua. Tunajua wapo watakaokisoma kijitabu hiki kwa mashaka, kwa sababu wamezoea kuletewa makaratasi baada ya hasara kutokea. Hatuwalaumu. Tunawaomba tu wakisome kabla ya kwenda kwa fundi.

DISKI NDIYO YENYE MALI YAKO

Ukifungua kasha la kompyuta ya mezani utakuta vitu vingi, na karibu vyote hununuliwa tena dukani: mazabodi, RAM, feni, pawasaplai. Kitu kimoja hakinunuliki tena, nacho ni yaliyomo kwenye diski. RAM ikitolewa haiondoki na barua yako hata moja. Diski ikitolewa inaondoka na kila kitu: nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, vitabu vya hesabu, saini na mhuri wa ofisi uliowahi kuskaniwa.

Kwa hiyo tunasema, na tutarudia: nakili kazi zako zote kabla fundi hajagusa mashine, na diski ya zamani irudi nyumbani kwako.

Kunakili kuna mtego ambao watu wengi wenye nia njema huuingia. Wanahamisha mafaili kutoka C kwenda D, halafu wanasema wameweka akiba. Katika kompyuta nyingi C na D ni sehemu mbili za diski ile ile moja. Ikifa, zinakufa zote. Ikichukuliwa, zinachukuliwa zote. Nakala ya kweli iko nje ya kasha, kwenye diski ya nje au flashi ya kuaminika. Usinakili folda ya Documents peke yake. Angalia Desktop, angalia Downloads, angalia kule programu ya hesabu inakotunza kumbukumbu zake, maana mara nyingi si mahali unapopafikiria. Ukimaliza, chomeka nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue mafaili kadhaa, yasomeke. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu.

KUFUTA SIYO KUONDOA

Hapa ndipo panapopuuzwa zaidi, na hapa hatutapita haraka.

Unapofuta faili kwenye diski ya kuzunguka na kumwaga kapu la taka, kompyuta haifuti maandishi yenyewe. Inafuta ile kumbukumbu inayosema faili liko wapi. Ni sawa na kung'oa kibao cha jina mlangoni ilhali mwenye nyumba bado amelala ndani. Programu za bure kama PhotoRec zinaweza kuyarudisha mafaili hayo, na hazihitaji mtaalamu. Kuformati kwa haraka nako hakuna tofauti kubwa.

Jambo hili limethibitishwa. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT, Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa diski 158 walizonunua zikiwa zimetumika. Diski 129 zilifanya kazi, na kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Kwenye nyingine walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, barua binafsi na kumbukumbu za matibabu. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walinunua diski kuukuu nchini Ghana, na moja ikawa na nyaraka za mikataba ya kampuni ya ulinzi ya Northrop Grumman na serikali ya Marekani. Kama kampuni ya aina hiyo ilipitiwa, steshenari ya mtaani isijione salama.

Tunataja steshenari makusudi. Mwenye steshenari anatunza mali ya watu wengi pasipo kujua. Kijana amekuja kuomba mkopo wa chuo, akaacha cheti cha kuzaliwa na namba ya kitambulisho cha NIDA. Mama amekuja kutoa kopi ya hati ya kiwanja. Mwalimu ametuma matokeo. Vyote viko Downloads, na vimekaa humo kwa miaka. Siku diski inapobadilishwa na ile ya zamani ikauzwa kwa bei ya chakavu, waliouzwa ni hao wateja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kusema «diski aliibakiza fundi» si utetezi.

Fundi anaweza kukuambia kwamba atahamisha kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda mpya. Hiyo ni kazi halali na nzuri. Lakini kompyuta ikihamisha inanakili: kilichokuwa kwenye diski ya zamani kinabaki pale pale. Kwa hiyo hata mashine ikirudi na mafaili yako yote, swali liko palepale: ya zamani iko wapi?

Kabla ya kuacha mashine, piga picha kibandiko cha diski, chenye namba ya utambulisho, na umwombe fundi aiandike namba hiyo kwenye risiti pamoja na maneno «diski ya zamani irudishwe kwa mteja». Mafundi wengi ni watu waaminifu na hawatachukia. Anayechukia amekusaidia kumjua. Ikiwezekana kaa hapo hapo. Kubadilisha diski na kuweka RAM si kazi ya kulaza mashine dukani.

Ukitaka kuiuza au kuigawa diski ya zamani, isafishe kwanza. Kwa diski ya kuzunguka, iformati ukiwa umeondoa tiki kwenye neno Quick Format. Tangu enzi za Windows Vista, uformati huo kamili huandika sifuri kwenye diski nzima. Diski ya GB 500 huchukua zaidi ya saa moja. Kama imemaliza kwa sekunde chache, ujue haijafutwa. Diski za SSD hutunza data kwa namna nyingine, hivyo tumia amri ya kufuta kwa usalama iliyo kwenye programu ya mtengenezaji wake. Diski ya kuzunguka iliyokufa, isiyosomeka kabisa, itobolewe kwa drili hadi sahani za ndani zitoboke. Na kama huna haja ya kuiuza, isafishe kisha uirudishe ndani ya kasha iwe ghala la pili. Kompyuta nyingi za mezani zina plagi ya ziada kwa kazi hiyo.

NINI UNUNUE

Hela ikiwa ndogo, nunua SSD. Tunalisema bila kusita. Kompyuta ya mwaka 2012 yenye prosesa ya Core i5 inayochukua dakika kadhaa kuwaka mara nyingi haina ugonjwa wa prosesa. Inasubiri sahani ya diski izunguke na mkono wake usogee kutafuta vipande vya mafaili, na kila kutafuta huchukua takriban milisekunde 10. SSD haina kitu kinachozunguka. Hata ile ya kawaida ya inchi 2.5, inayochomekwa kwenye plagi ya SATA iliyopo, inaweza kufika karibu MB 500 kwa sekunde. GB 240 zinatosha ofisi ndogo. Usikubali kuuziwa ile nyembamba ya NVMe kabla ya kuthibitisha kuwa mazabodi yako inaweza kuwaka kutoka kwayo. Nyingi za zamani haziwezi.

Jihadhari na SSD au flashi yenye ukubwa wa kutisha kwa bei ya kutupa. Zipo zilizochezewa zidanganye ukubwa wake, zikajaza mafaili mapya juu ya yale ya zamani. Kwa diski iliyotumika, mwambie muuzaji aifungue kwenye programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure, msome pamoja saa ilizowaka na afya yake.

Baada ya SSD ni RAM, kutoka GB 4 hadi GB 8. Fungua kasha usome kibandiko kabla ya kununua, maana DDR3 ina pini 240, DDR4 ina pini 288, na moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine hata ukiisukuma. Usiisukume. Kama Windows yako ni ya biti 32, RAM inayozidi GB 4 haitatumika mpaka uweke ya biti 64.

Kuna kifaa cha bei ndogo kabisa kinachosahaulika: betri ya CR2032, ile bapa ya volti 3 iliyo kwenye mazabodi. Ikiisha, saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka, na tovuti za benki na serikali zinakataa kufunguka kwa sababu tarehe hailingani na vyeti vyao vya usalama. Watu wameambiwa mazabodi imekufa, kumbe ni betri.

Kadi ya michoro na prosesa mpya achana nazo. Kwa kazi za kuchapa, kuskani na barua pepe ni hela iliyopotea.

UMEME

Kabla ya kufungua kasha, chomoa waya ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa. Pawasaplai usiifungue kwa hali yoyote: ndani yake umeme wa ukutani wa volti 230 hugeuzwa kuwa zaidi ya volti 300, na chaji hiyo hubaki hata baada ya kuchomoa. Ikiharibika, ibadilishe nzima. Angalia plagi kwanza, kwa kuwa baadhi ya Dell OptiPlex, kama 9020, zinatumia plagi ya pini 8 kwenye mazabodi badala ya pini 24 zilizozoeleka, na pawasaplai ya kawaida haitaingia.

MFUMO ENDESHI

Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0, Secure Boot, RAM GB 4, diski GB 64 na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel ni kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache. Windows 10 toleo la 22H2 inaweza kupata masasisho ya usalama ya ziada hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa kulipa dola 30 au kwa njia nyingine zinazoonyeshwa kwenye ukurasa wa masasisho. Masharti mengine yako hapo. Yasome kabla ya kulipa.

Asiyetimiza masharti hayo asinunue Windows ya wizi. Programu ya kuvunja leseni ndiyo mlango wa wezi wa nywila. Kuna Linux Mint, ya bure na halali, inayokwenda vizuri kwenye mashine za GB 4 za RAM na inayokuja na LibreOffice. Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, ujaribu printa, skana na kazi zako. Kama unategemea programu ya hesabu inayotaka Windows, jua mapema kwamba huenda isifanye kazi kwenye Linux.

NENO LETU

Jambo la diski tumelisema katika kila kikao chetu na wafanyabiashara, na tunajivunia kulisema. Waliolishika hawajarudi kwetu na malalamiko. Wanaorudi ni wale waliosema wanamfahamu fundi. Sisi hatuwezi kuyarudisha mafaili yaliyopotea, wala kumtafuta aliyenunua diski yako barabarani. Hilo tunalisema wazi ili asiwepo atakayetulaumu.

Nakili nje ya kasha. Piga picha kibandiko. Andikisha kwenye risiti. Rudi na diski yako. Fundi asiyekubali masharti haya, usimwachie mashine.

Kijitabu hiki hakiuzwi. Ukimaliza kukisoma, mpe mwenye steshenari aliye karibu nawe.