SOMO LA AFYA: USINGIZI WA WAZEE NA KUMBUKUMBU



Je, nyumbani kwako yupo mzee anayesinzia mapema jioni, anaamka saa tisa za usiku, na asubuhi hakumbuki alikoweka kadi ya chakula? Usimcheke, wala usiwasikilize wanaosema amerogwa.

1. Usingizi hubadilikaje?
Mtu akizeeka, usingizi wake huwa mwepesi. Huamka mara nyingi, na usingizi mzito hupungua. Hata hivyo, bado anahitaji kulala saa 7 hadi 8.

2. Kumbukumbu inahusikaje?
Mambo ya leo ubongo huyashika kwanza kwa muda. Usiku, katika usingizi mzito, huyaweka mahali pa kudumu, kama mkulima anavyoingiza mavuno ghalani. Usingizi huo ukipungua, mengine hubaki nje na kupotea. Ndiyo maana mzee hueleza vizuri mambo ya ujana wake, yaliyokwisha kuhifadhiwa, lakini husahau tangazo la jana.

Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, waliwafundisha vijana na wazee maneno mawili mawili, kisha wakawapima usingizi. Kulipokucha, wazee, ambao usingizi wao mzito ulikuwa hafifu, walikuwa wamesahau zaidi.

3. Tufanye nini?
- Mzee akae nje kwenye mwanga wa asubuhi, atembee na kufanya kazi ndogondogo.
- Akilala mchana, isizidi nusu saa, na iwe kabla ya saa tisa.
- Asinywe kahawa wala chai ya majani kuanzia mchana. Pombe humletea usingizi, kisha humwamsha usiku.
- Maji anywe ya kutosha mchana, apunguze jioni, ili asiamke mara kwa mara kwenda chooni.
- Alale ndani ya chandarua, mbali na moshi na kelele.
- Kama maumivu, kikohozi, huzuni au ndoto za vita vinamkosesha usingizi, amweleze mhudumu wa afya.
- Jambo muhimu mwambie asubuhi, na umkumbushe tena. Kadi iwe na mahali pake pamoja kila siku.

4. Hatari
Usimnunulie mzee vidonge vya usingizi sokoni. Humfanya apepesuke, aanguke na kuvunjika, na husahau zaidi.

Kusahau kwa uzee huja polepole. Mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, huo ni ugonjwa: huenda ni malaria, maambukizo mengine au upungufu wa maji mwilini. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mwili hauna joto.

Mzee anapotea njia ya kurudi nyumbani, au hawatambui watoto wake? Huo si uzee wa kawaida. Mpeleke apimwe.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini mzee hukumbuka ya zamani akasahau ya jana?
2. Nyumbani kwenu, ni kitu gani kinachomwamsha mzee usiku? Mnaweza kukiondoa?

Msomee somo hili jirani asiyejua kusoma.