Flashi Mbili kwenye Ukumbi wa Bati

Mliokuwepo kwenye fainali ya mpira wa wavu ya wasichana mnaikumbuka ile pointi ya seti ya tatu. Seta aliinua macho kuufuata mpira, mimi nikabonyeza kamera, na flashi yangu ikampiga machoni. Mpira ukampita, ukadondoka. Refa alinitazama tu, ila kocha alisema vya kutosha kwa niaba ya wote wawili. Nilienda kumwomba radhi yule dada baada ya mechi, akaniambia, "Kaka, wewe jifunze kwanza." Basi nimejifunza, na ninayaandika haya kwa yeyote atakayeikabidhiwa kamera ya jumuiya baada yangu.

Kwanza, kwa nini flashi? Ukumbi wetu mnaujua. Paa la bati bila dari, kuta zimepakwa kijani hadi nusu, taa za juu chache na baadhi zimeungua. Wakati wa masika, wingu likishuka kutoka mlimani, saa tisa alasiri mle ndani ni kama magharibi. Nilipopima mwanga, picha iliyotoka vizuri bila flashi ilitaka ISO 6400, tundu la lenzi f/2.8 na shata 1/200. Kwa mtu aliyesimama, hiyo 1/200 inatosha. Kwa mchezaji anayepiga smashi, mkono unatoka kama moshi. Ukiongeza kasi hadi 1/1000 unahitaji mwanga zaidi ya mara mbili mara mbili, na huna.

Flashi inatatua tatizo hili kwa njia ambayo wengi hawaielewi. Si shata inayogandisha mkono, ni flashi yenyewe. Mlipuko wake ni mfupi sana. Flashi ndogo nyingi zikiwa kwenye nguvu kamili huwaka kwa takriban sehemu moja ya 250 au 300 ya sekunde, lakini ukishusha hadi 1/16 muda unakuwa sehemu moja ya maelfu kadhaa. Yaani ukipunguza nguvu, picha inaganda zaidi. Huo ujanja ndio alioutegemea Harold Edgerton wa MIT kule Marekani tangu miaka ya 1930, alipokuwa akipiga picha za matone ya maziwa na risasi.

Ila kuna sharti: mwanga wa ukumbi usiingie kwenye picha kwa nguvu. Ukiingia, unapata mchezaji mwenye mikono miwili upande mmoja, mmoja umeganda na mwingine kivuli chake. Kwa hiyo mimi naweka ISO 1600, f/4, 1/200. Linganisha na vile vipimo vya mwanzo: ISO imeshuka hatua mbili, tundu hatua moja, jumla hatua tatu. Ukumbi unabaki na mwanga mmoja juu ya nane wa ule unaohitajika. Zima flashi, piga picha moja ya majaribio. Ikitoka karibu nyeusi, uko sawa. Usizidishe 1/200 kwa kudhani unaboresha. Kamera nyingi zinaishia 1/200 au 1/250 kwenye flashi, na ukipita hapo sehemu ya picha inatoka na utepe mweusi.

Sasa nguvu ya flashi. Hapa hesabu ni tamu. Kila flashi ina namba yake ya nguvu, inayotolewa kwa ISO 100. Tuchukulie ni 40 kwa mita. Unagawa namba hiyo kwa umbali, unapata tundu la lenzi. Ukishusha nguvu hadi 1/16, namba inagawanywa kwa 4. Ukipandisha ISO hadi 1600, namba inazidishwa kwa 4. Vinafutana! Unabaki na 40 ile ile. Kutoka stendi yangu hadi katikati ya wavu ni kama mita 10, kwa hiyo 40 gawanya kwa 10, f/4. Sikuhitaji kubahatisha.

Na msiifunge flashi juu ya kamera. Uso unakuwa bapa kama picha ya pasipoti, na mchezaji wa karibu anaungua huku wa mbali akiwa gizani. Mwanga unapungua kwa mraba wa umbali, hii tulifundishwa sekondari na sasa tunaenda kuifundisha. Flashi ikiwa mita 4 kutoka kwa mchezaji mmoja na mita 8 kutoka kwa mwenzake, wa kwanza anapata mwanga mara nne. Irudishe nyuma hadi mita 10 na 14, tofauti inakuwa kama mara mbili tu. Ndiyo maana zangu ziko mbali na juu, kwenye ngazi za watazamaji, moja kila pembe, zikikutana karibu na wavu. Uwanja una mita 18 kwa 9; usijaribu kuumulika wote. Chagua nusu moja uishi nayo.

Stendi zifungwe. Nilinunua jinzi mbili kuukuu pale Memorial, nikakata miguu, nikashona, nikajaza mchanga, kila mguu wa jinzi ukakaa kwenye stendi yake. Tumia triga za redio, si zile za kuona mwanga, maana mpiga picha mwingine akiwasha flashi yake na zako zinalipuka.

Turudi kwa seta. Kosa langu halikuwa nguvu ya flashi. Taa moja ilikuwa mbele yake, upande anaoutazama, na mimi nilibonyeza wakati mpira ulikuwa bado juu ya vidole vyake. Sasa kabla ya mechi naongea na refa na makocha wote wawili. Wakikataa, flashi zinabaki begini; kwenye jimnastiki hata usiulize. Wakikubali, nawaomba wachezaji wasimame kwenye nafasi zao sita na watazame juu. Anayeikuta taa machoni, nahamisha stendi. Halafu sipigi wakati wa kupokea wala wa kupanga. Nasubiri smashi, mpira ukishaondoka mkononi mwa seta. Picha moja kwa kila mpira.

Moja inatosha. Tarehe 25 Mei 1965, katika ukumbi mdogo wa mji wa Lewiston, Marekani, Neil Leifer alimpiga picha Muhammad Ali amesimama juu ya Sonny Liston. Taa zake za flashi zilining'inia juu ya ulingo na zilichukua muda kujaa tena, kwa hiyo hakuweza kufyatua mfululizo. Alikuwa na miaka 22, umri wangu huu.

Wiki mbili baada ya fainali kulikuwa na mechi ya kirafiki. Umeme ulikatika seti ya pili, wakacheza kwa mwanga wa madirishani, flashi zangu za betri zikaendelea kama kawaida. Yule dada alinikagulia stendi mwenyewe kabla ya kuanza, akasogeza moja kama mita mbili kushoto, akasema hapo sawa.