Kununua Cherehani ya Kudarizi Iliyokwisha Tumika

Mtu wa Mbeya au Iringa atakaye kuanza kazi ya kudarizi mara nyingi hununua cherehani kuukuu ya miguu, kwa fedha ya kahawa au viazi alivyovilimia mwaka mzima. Akidanganyika, jasho la msimu wote limepotea. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Basi muuzaji asifu, nawe ujitazamie mwenyewe. Twaeleza hapa jinsi ya kupima.

Kwanza, rangi isikudanganye, wala umri usikutishe. Kiwanda cha Singer cha Clydebank, Scotland, kilifungwa mwaka 1980, lakini cherehani zake nyingi zingali zikishona. Tazama mahali kitambaa kipitapo mbele ya sindano. Nakshi zikiwa zimefutika hapo, jua kwamba imefanya kazi nyingi.

Pili, ondoa mkanda, uzungushe gurudumu polepole kwa mkono. Likiwa zito mzunguko mzima, huenda ni mafuta yaliyokauka, hasa kama mwenyewe alitia mafuta ya kupikia, ambayo hushika kama gundi katika baridi ya Juni na Julai. Huo ni uchafu tu. Safisha kwa mafuta ya taa, kisha utie mafuta ya cherehani. Bali likikwama mahali pamoja tu, kuna uzi ulionasa au chuma kilichopinda.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Shusha sindano hata chini, ushike chuma kiichukuacho, ukisukume kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kikicheza, tundu lake limelika. Katika mshono ulionyoka huenda usitambue, lakini katika kudarizi kitambaa huvutwa pande zote, na sindano iliyolegea huruka mishono au hugonga bamba ikavunjika.

Nne, fungua mahali pa bobini. Ile ncha inayonasa uzi wa juu yapasa kuwa kali, laini, isiyo na kutu. Ikiwa butu, uzi utaachwa.

Tano, usiridhike kuonyeshwa mshono ulionyoka juu ya kitambaa kizito. Njoo na sindano mpya, uzi, kitambaa chepesi na duara lako la kudarizia. Ondoa mguu, shusha meno au yafunike, kisha udarizi mviringo mzima. Mishono ikiruka upande mmoja tu, umeuona ubovu.

Mkanda, bobini na bamba hubadilishwa kwa fedha kidogo. Kwa sababu hizo omba tu upunguziwe bei. Lakini tundu la chuma cha sindano likilika, au mhimili mkuu ukilegea, matengenezo yaweza kuzidi bei ya cherehani yenyewe. Hiyo iache.

Na muuzaji akikataa usifungue bamba wala usijaribu kwa uzi wako, hilo nalo ni jibu. Funga mfuko wako, uende kwa mwingine.