SOMO: MGAMBO NI AKIBA YA NINI?

Bila shaka umewahi kuwaona. Asubuhi wanakimbia mchakamchaka, wanaimba, wameshika bunduki za mbao. Mafunzo yakiisha, wanarudi kupalilia alizeti. Hao ni wanamgambo.

Neno lenyewe ni la zamani. Mgambo ni tangazo la mji, na kabla ya kutangaza lilipigwa baragumu. Ndiyo maana wazee husema: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.

Katika sheria jina lake ni Jeshi la Akiba. Sheria hiyo ni ya mwaka 1965. Sasa litazame neno "akiba". Mtama wa akiba unawekwa ghalani siku ya mavuno. Njaa ikishabisha hodi, umechelewa. Askari wa akiba naye ni hivyo hivyo. Anafundishwa wakati wa amani, kisha anarudi kwenye kazi zake. Hakai kambini.

Kwa nini tulitaka akiba ya namna hii? Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Serikali ikalazimika kuomba askari wa Uingereza waje kuwatuliza. Aibu iliyoje kwa nchi iliyojitawala tangu 1961! Jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa JWTZ. Halafu Januari 1971 Idi Amin akapindua serikali ya Uganda. Mwaka huo huo Mwongozo wa TANU ukasema ulinzi ni kazi ya wananchi, siyo ya askari peke yao. Mafunzo ya mgambo yakapanuliwa vijijini na viwandani.

Ghala lilifunguliwa mwaka 1978. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Jeshi letu lilikuwa na watu chini ya 50,000. Kwa muda mfupi likapita 100,000, na kati yao wanamgambo walikuwa kama 40,000. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa. Watu wale hawakuokotwa njiani. Wengi walikwisha jua kupiga kwata na kushika bunduki.

Lakini hesabu hiyo haitaji majembe yaliyobaki nyumbani. Mwanamgambo akiitwa, shamba haliendi naye. Nani alilima? Mama, babu na watoto. Na wengine walioitwa hawakurudi.

Siku hizi mafunzo husimamiwa na Mshauri wa Mgambo wa Wilaya. Vijana wengi, wake kwa waume, hujiunga wakitumaini kazi ya ulinzi. Wengine huipata. Lakini kuhitimu siyo ahadi ya ajira. Muulizeni mshauri mambo haya kabla ya kuuza mbuzi wa kununulia sare na viatu.

Jadilini katika kikundi:

1. Mwanamgambo wa kijiji chenu akiitwa wakati wa kupalilia, nani atasaidia shamba lake? Mmepatana?

2. Waulizeni wazee walioitwa mwaka 1978: walifundishwa wapi, na kwa muda gani? Andikeni majibu yao.