Msimamo wa Ligi Ubaoni: Msimu Mmoja wa Njombe Mji Katika Darasa la Kifanya

Utangulizi

Wanachuo wetu, warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha, hutuletea malalamiko yanayofanana: somo la takwimu huwachosha watoto. Majedwali ya kitabuni husema habari za watu wasiowajua na mazao wasiyoyalima. Mtoto huijaza safu, hupata jibu, kisha hulisahau kabla kengele haijalia.

Makusudio ya makala hii ni kueleza jinsi darasa moja la shule ya msingi huko Kifanya, katika Mkoa wa Njombe, lilivyofuata timu ya Njombe Mji kwa msimu mzima wa Ligi Kuu wa mwaka 2017/18, na jinsi kazi hiyo ilivyofundisha hesabu, maarifa ya jamii na Kiswahili. Tutaeleza pia kosa tulilolifanya sisi wakufunzi pamoja na mwanachuo wetu, kwa sababu twaona kosa hilo ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa msomaji.

Kisa chenyewe

Mkoa wa Njombe ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa. Miaka mitano baadaye, mwaka 2017, timu ya Njombe Mji ilipanda daraja na kuingia Ligi Kuu pamoja na Lipuli ya Iringa na Singida United. Furaha iliyokuwako haihitaji maelezo mengi. Watu waliozoea kuzisikia Simba na Yanga redioni sasa walitazamia kuziona zikishuka basi mjini Njombe, kwenye baridi yao wenyewe, na kucheza katika uwanja wa Sabasaba.

Furaha hiyo ilipata pigo mapema. Tarehe 26 Agosti 2017, katika mechi ya ufunguzi nyumbani, Njombe Mji ilifungwa na Tanzania Prisons mabao 2 kwa 0. Tarehe 10 Septemba Yanga ilikuja Sabasaba ikashinda bao 1 kwa 0, lililotokana na mpira wa adhabu wa Ibrahim Ajibu. Mwezi Oktoba timu ilisafiri Dar es Salaam ikafungwa na Simba mabao 4 kwa 0.

Wanachuo wa awamu ya kwanza ndio walioianza kazi hii katika Darasa la Tano. Mwalimu wa darasa akaiendeleza, na wanachuo wa awamu ya pili waliikuta mwaka 2018, watoto wakiwa wamekwisha kuingia Darasa la Sita. Mwanachuo na aliangalie jambo hili tangu mwanzo: msimu wa ligi huanza mwaka mmoja wa shule na kumalizika mwaka mwingine. Asiyekabidhi kazi vizuri kwa mwenzake ataiacha njiani.

Matayarisho

Vifaa ni vichache na havina gharama:

(a) karatasi kubwa, au mifuko ya saruji iliyokatwa na kugeuzwa upande safi, kwa ajili ya jedwali la ukutani;
(b) ramani ya Tanzania;
(c) daftari moja la darasa la kuandikia taarifa za mechi;
(d) redio, au mtu mwaminifu wa kuyapokea matokeo. Hapa Kifanya watoto wawili wa zamu waliyasikiliza dukani, na mwalimu aliyahakikisha kabla hayajaandikwa.

Jedwali liwe na safu nane: timu, mechi, kushinda, sare, kushindwa, mabao ya kufunga, mabao ya kufungwa, na pointi. Safu ya tisa, ya tofauti ya mabao, isiandikwe kwanza. Iachwe mpaka watoto wenyewe waione haja yake, pale timu mbili zitakapolingana pointi na wao wakaanza kubishana ipi itangulie.

Hatua za somo

Hesabu. Anza na swali: ligi ina timu 16, na kila timu hukutana na kila nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini. Je, timu moja hucheza mechi ngapi? Watoto watapata 15 mara 2, yaani 30. Kisha uliza jumla ya mechi zote za ligi. Wengi watasema 16 mara 30, yaani 480. Usiwakosoe upesi. Waite watoto wanne mbele, wapeane mikono kila mmoja na mwenzake, na darasa lihesabu mikono iliyopeanwa. Watagundua kuwa kila mkono umehesabiwa mara mbili. Hapo wenyewe watagawanya kwa 2 na kupata mechi 240.

Namba hasi, ambazo huwatisha watoto wengi, hapa zilikuja zenyewe. Baada ya mechi mbili tulizozitaja za Prisons na Yanga, watoto walijumlisha mabao ya kufungwa wakapata 3, na ya kufunga 0. «Tofauti ni ngapi?» Mtoto mmoja alisema haiwezekani kutoa 3 katika 0. Mwingine akajibu, «Yawezekana, Mwalimu. Ni deni.» Mwalimu hakuwa na haja ya kuongeza neno. Alichora mstari wa namba ubaoni, akaweka kidole kwenye sufuri, akarudi nyuma hatua tatu.

Maarifa ya jamii. Ligi ya mwaka ule ilikuwa ramani ya nchi. Dar es Salaam walikuwako Simba, Yanga na Azam, Pwani, Ruvu Shooting, Morogoro, Mtibwa Sugar, Mbeya, Mbeya City na Prisons, Iringa, Lipuli, Songea, Majimaji, Mtwara, Ndanda, Singida, Singida United, Shinyanga, Mwadui na Stand United, Mwanza, Mbao, na Kagera, Kagera Sugar. Kila safari ya timu ichorwe kwa uzi juu ya ramani. Watoto wa Kifanya waliona mara moja kuwa karibu kila uzi ulipita Makambako, njia panda ya kwenda Mbeya na kwenda Dar es Salaam, nao wakajifunza kwa nini mji ule umekua. Kwenda Songea, uzi ulielekea kusini. Kwenda Mtwara walibishana kama ni afadhali kupita Songea na Tunduru au kuzunguka kwa Dar es Salaam. Ubishi wa namna hiyo, ukiongozwa kwa vipimo vya ramani, ni somo tosha la kipindi kizima.

Kiswahili. Baada ya kila mechi mtoto mmoja aliandika taarifa ya sentensi sita. Sharti lilikuwa moja: mambo yaliyotukia yatangulie, maoni yafuate. Mwanzoni watoto waliandika kwamba mwamuzi alitupendelea au alituonea, hali hawakuwako uwanjani. Mwalimu aliuliza kila mara, «Umejuaje?» Kufikia Machi swali hilo lilikuwa likiulizwa na watoto wenyewe kwa wenyewe.

Tatizo lililotokea

Mwezi Machi 2018 palitokea jambo la kushangaza. Timu hii, iliyokuwa ikihangaika katika ligi, ilifika robo fainali ya Kombe la Shirikisho, na huko ikatolewa na Stand United. Watoto walifurahi kwa siku chache. Kisha, tarehe 3 Aprili, Simba ilikuja Sabasaba ikashinda mabao 2 kwa 0, yote ya John Bocco. Watoto walijumlisha mechi zote mbili za Simba: kufunga 0, kufungwa 6. Baadhi yao waliacha kuleta matokeo. Mmoja wa watoto wa zamu alisema redio ya duka imeharibika, nayo haikuwa imeharibika.

Mwanachuo wetu, kijana mwenye huruma, aliliondoa jedwali ukutani. Alisema linawavunja watoto moyo. Sisi tuliofika siku ile kumkagua tulikubaliana naye, tukaandika katika ripoti yetu kwamba amezijali hisia za wanafunzi.

Kabla hatujaondoka, msichana mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono. Alikuwa miongoni mwa watunza jedwali hodari, na mwandiko wake ulijaa katika safu ya mabao. Aliuliza, «Mwalimu, msimamo wa Njombe Mji umeutoa kwa sababu uko chini. Na ule wetu?»

Tuligeuka kutazama alikoelekeza. Kando ya mlango ulibandikwa orodha ya jaribio la mwezi, majina yote ya darasa kwa mpangilio, wa kwanza hadi wa mwisho. Jina lake lilikuwa la tatu kutoka chini.

Hatukuwa na jibu. Tulimwonea huruma timu, ambayo wachezaji wake ni watu wazima, tukamwacha mtoto wa miaka kumi na miwili akipita chini ya jina lake kila asubuhi.

Tulilojifunza

Jioni ile tulikaa na mwanachuo tukalipima jambo hili kwa utulivu, na tuliyaona mambo mawili.

La kwanza: jedwali la timu halikustahili kuondolewa. Kuwaficha watoto matokeo mabaya ni kuwafundisha kwamba takwimu ni za kusomwa wakati wa furaha tu. Jedwali lilirudishwa kesho yake, na watoto walilijaza mpaka mwezi Mei, Njombe Mji iliposhuka daraja pamoja na Majimaji.

La pili ni zito zaidi. Orodha ya darasa inafanana na msimamo wa ligi kwa sura, lakini si kitu kimoja. Tuliwapa watoto wenyewe kazi ya kuithibitisha tofauti hiyo. Katika ligi, mechi ikiwa na mshindi hutoa pointi 3; ikiwa sare hutoa 2. Kwa hiyo mechi 240 hazitoi zaidi ya pointi 720, hata timu zote zicheze kwa ufundi wa ajabu. Pointi aliyoipata mmoja mwenzake ameikosa, na lazima awepo wa kumi na sita. Je, darasani ni hivyo? Darasa likiwa na watoto 45 na jaribio lina maswali 10, kila mtoto aweza kupata 10, na jumla ikawa 450. Hakuna anayemnyang'anya mwenzake jibu la kugawanya. Wa mwisho katika ligi ni wa lazima; wa mwisho darasani tumemtengeneza sisi kwa kupanga majina.

Orodha ile iliondolewa. Mahali pake kila mtoto alipewa kadi yake, akaandika alama za kila jaribio na tofauti kati ya hili na lililotangulia, kwa namba chanya au hasi. Namba hasi walikuwa wamekwisha kuzizoea. Msichana yule alikuwa na kadi iliyoanza na 3, ikafuata 3, kisha 5. Bado alikuwa miongoni mwa wa chini. Lakini mwalimu sasa aliweza kuona kuwa kilichomshinda ni sehemu, si hesabu zote, naye alikaa naye dakika chache kila siku juu ya sehemu hizo.

Isidhaniwe kuwa twasema upimaji uachwe. Mitihani ya taifa ipo na watoto watashindanishwa. Tusemacho ni kwamba mwalimu ajue lini anashindanisha na lini anafundisha.

Kuhusu mabingwa

Watoto wasiachwe wakidhani kuwa walioko juu hawaonji kushindwa. Simba ilitwaa ubingwa wa msimu ule kwa pointi 69: ilishinda mechi 20, ikatoka sare 9, ikafungwa 1. Kufungwa huko kumoja kulitokea tarehe 19 Mei 2018 katika Uwanja wa Taifa, siku ile ile ya kukabidhiwa kombe, mbele ya Rais John Magufuli. Kagera Sugar ndiyo iliyoshinda, bao 1 kwa 0. Watoto wa Kifanya waliicheka sana taarifa hiyo, kisha wakaiandika kwa sentensi sita, mambo yaliyotukia yakitangulia.

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Baada ya timu 2 kushuka mwaka 2018, timu 6 zilipanda. Andaa somo la Darasa la Sita ambamo watoto watatafuta idadi ya timu za msimu wa 2018/19, mechi za kila timu, na jumla ya mechi zote. (Majibu: 20, 38, 380.)

2. Chagua timu iliyo karibu na shule yako, hata kama ni ya kata au ya chuo chako. Tayarisha azimio la kazi la muhula mmoja. Onyesha utafanya nini juma ambalo timu hiyo itafungwa.

3. Tazama kuta za darasa unalofundisha. Andika kila kilichobandikwa, na kando yake uandike ni mtoto gani anayenufaika kwa kukisoma. Palipo na nafasi tupu, jadili na mwalimu wa darasa kama karatasi hiyo ibaki.